Dume Aliyezeekea Kizimbani mwa Majike

Kazini walimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Walimwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake. Ukiingia nyumba ya panya bila kunawa, atakuambia. Ukiacha mlango wazi, atakuambia, na kesho yake atakukumbusha kwamba jana alikuambia. Jina lilianza kama utani, likanata, naye akalipokea kwa kicheko. Nyumbani, lakini, hakuna aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo. Mtu huwa shangazi ndugu yake wa kiume akizaa, na mdogo wake, mwanaume wa pekee pale kwao, alikuwa ameoa miaka mingi na hajazaa. Kwa hiyo kila mlango ulipofunguliwa na mtu akaita "Shangazi!", kuna kitu kilimchoma kidogo. Aliitika tu na kuendelea na kazi.

Jengo la panya lilikuwa nyuma kabisa ya taasisi ya utafiti, halina dirisha hata moja. Chumba cha kwanza unavua nguo za nje. Cha pili unavaa koti, kofia, barakoa na glavu. Cha tatu ndipo unakutana na wenyewe: vizimba vya plastiki vimepangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kila kimoja na maranda yake, chupa yake ya maji na kibandiko chake. Mashine ya hewa hunguruma humo mchana kutwa mpaka unasahau kwamba inanguruma, ukitoka nje masikio yanabaki matupu. Na harufu ile haitoki kwa sabuni. Mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimtania kwamba yeye hakuoa mke, alioa ghala la mahindi.

Kazi aliipenda, tusimsingizie. Alibadilisha maranda, akajaza chupa, akachungulia majike wenye mimba, na watoto wakiacha kunyonya akawatenganisha, madume huku, majike kule. Hapo kwenye kutenganisha ndipo penye aibu. Ukimsahau dume mmoja kwenye kizimba cha majike, wiki chache tu kizimba kinafurika vitoto vyekundu visivyo na manyoya, na jengo zima linajua nani alisinzia kazini. "Humu ndani kosa lako linajitangaza lenyewe," alikuwa akiwaambia wanaoanza kazi, huku akiwatolea macho.

Rafu ya mwisho ilikuwa ya Daktari. Alikuwa binti mdogo kwa umri, msomi, mwenye adabu zake, na panya wake alikuwa amewabadilisha jeni. Siku ya kwanza alimwita Shangazi pembeni akamweleza.

"Hawa usiwaangalie kwa mazoea, Shangazi. Kwa kawaida dume akikua, korodani zinashuka kutoka tumboni mpaka kwenye mfuko wake. Kuna kamba inayozivuta chini, na jeni inayoiamuru. Sisi tumeiondoa. Kwa hiyo zinabaki juu, karibu na figo. Ukimgeuza kwa haraka na kutafuta ule uvimbe, utadhani ni jike. Tazama umbali wa matundu mawili, la mkojo na la haja kubwa, basi; kwa dume yameachana zaidi."

"Maskini ya Mungu," Shangazi alicheka. "Mmewanyima hata hicho! Sasa wanazaa?"

"Hawazai. Dume anampanda jike kama kawaida, asubuhi unakuta kizibo cha shahawa alichomwachia jike kama kawaida. Ila mimba hakuna. Tumboni kuna joto, na mbegu hazitaki joto."

Barakoa ina faida zake. Daktari hakuona jinsi kicheko kilivyomkauka mwenzake mdomoni.

Maana Shangazi alikuwa ameona mfuko mtupu zamani, kabla hajamjua panya wa maabara wala maana ya jeni. Mama yao alikuwa akifanya kazi kiwandani, akitoka alfajiri, na mtoto mchanga aliachiwa dada mtu, msichana ambaye mwenyewe bado alikuwa akicheza rede. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemlisha uji, ndiye aliyemwogesha kwenye beseni la bluu uani. Na kila alipomwogesha, vidole vyake vilikuta ngozi tupu mahali ambapo watoto wa kiume wa majirani, aliowaogesha pia, walikuwa na kitu. Akamwambia mama. Mama akamkazia macho.

"Vitashuka vyenyewe. Na wewe ufunge huo mdomo. Unataka mwanangu awe kichekesho mtaani?"

Akafunga. Mtu mwenye mdomo kwa kila jambo, kwa hili moja alinyamaza kimya kama maji mtungini. Mtoto akakua, akaota ndevu, sauti ikawa nzito, akawa fundi wa friji mwenye karakana yake na mikono yenye nguvu. Ukimtazama huoni kasoro. Akaoa fundi cherehani, mwanamke mpole wa sauti ndogo na macho makali ya kutunga uzi, na Shangazi akampenda wifi yake kupita kiasi. Jioni nyingi alikwenda kuketi karibu na cherehani yake, wakasengenya wateja wanaoficha vipimo vyao vya kiuno, wakacheka mpaka machozi.

Lakini watoto hawakuja, na kidole kikaelekezwa pale kinapoelekezwa siku zote. Mama mkwe alianza kwa mafumbo, akaja kwa maneno ya wazi. Wifi akapelekwa huku, akapelekwa kule, akanywa vya majani na vya dukani, akachomwa sindano zilizomlaza kitandani. Siku moja alisimamisha cherehani katikati ya mshono akauliza, "Hivi wifi, mimi nina kasoro gani?"

"Ni mipango ya Mungu tu, wifi yangu," Shangazi akajibu, na akainama kuokota pini ambayo haikuanguka.

Ule ulikuwa woga, wala tusiupambe. Ila woga nao hutafuta mahali pa kuegemea, na wa Shangazi uliegemea kwenye rafu ya Daktari. Aliwatazama madume wale kila siku. Walikula, walinenepa, walipigana kwa ubabe, walipanda majike kwa bidii. Hawazai tu. Akajiambia kwamba na mdogo wake ni hivyo hivyo, hazai tu, kuna haja gani ya kumvunjia heshima mbele ya mkewe? Hakujiuliza jambo moja ambalo lilikuwa mbele ya macho yake: madume wale walilazwa usingizi wa mwisho wakiwa bado vijana, mara tu vipimo vikikamilika. Hajawahi kumshika hata mmoja aliyezeeka. Alikuwa amejifunza ugonjwa wa mdogo wake kwa wanyama wasioachwa wafike mbali, na hilo ni kosa ambalo mtu wa nyumba ya panya tu ndiye angeweza kulifanya.

Mwaka huo mdogo wake, Fundi kama wateja walivyomwita, akaanza kulalamika mgongo. "Friji za siku hizi nzito, Dada," alisema, akacheka. Mkanda wa suruali ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Mashavu yakaingia ndani, ila tumbo halikuingia. Mama akasema mwanamke hampikii mwanawe. Shangazi alimwona akishuka kwenye gari la mteja huku ameshika kiuno, uso umelowa jasho la baridi, na moyo wake ukashtuka bila kujua umeshtushwa na nini. Akamwambia akapime. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemfukuza nzi.

Halafu mama akatangaza kikao. Jumapili, nyumbani kwake, Mjomba atakuwepo. Mkwe aje na nguo zake kabisa, ili asipate taabu ya kurudi kuzifuata. Maneno hayo hayo, bila kupepesa.

Jumamosi yake Shangazi alikuwa zamu. Alianza na vizimba vya majike wazee. Majike wa ukoo ule Daktari aliwaacha waishi, akitaka kujua kama jeni iliyoondolewa ina madhara kwao uzeeni. Walikuwa wametulia, manyoya yamefifia, wanalala wamerundikana pembeni. Mmoja hakulala na wenzake. Alikaa peke yake karibu na chupa, mgongo umepinda, mifupa ya nyonga inaonekana, na tumbo limevimba upande mmoja. Shangazi alimnyanyua kwa mkia akamlaza kiganjani.

Mimba? Itoke wapi, humu hamna dume. Akambonyeza polepole kwa kidole gumba. Kilikuwa kigumu, kimetulia mahali pamoja. Kitoto cha panya hakiwi hivyo. Akamgeuza. Na hapo ndipo alipotazama umbali wa matundu mawili, kwa mara ya kwanza kwa panya huyu, jambo ambalo alipaswa kulifanya zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Alikuwa dume.

Aliegemea rafu. Alikumbuka, si siku yenyewe, bali mazoea ya mikono yake: geuza, tafuta uvimbe, hamna, tupia kwa majike. Mkono uliozoea hauulizi kichwa. Kwenye ukoo mwingine wowote kizimba kingefurika watoto ndani ya mwezi mmoja, na angechekwa, na yangeisha. Hapa hakuna aliyezaliwa. Dume ameishi na majike umri wake wote, amewapanda, ameonekana mmoja wao, na kosa halikutoa hata mlio. Kwa sababu hiyo hakulazwa pamoja na madume wenzake. Alikuwa dume wa kwanza wa rafu ile kuachwa azeeke.

Daktari hakumgombeza. Alimlaza panya yule usingizi wake, akampasua juu ya meza chini ya taa, kisha akaisogeza taa karibu zaidi.

"Njoo uone," akasema. "Hii ya kulia ipo juu, imesinyaa, ndogo kama punje ya mchele. Ndivyo zinavyokuwa. Sasa tazama ya kushoto."

Ya kushoto ilikuwa imejaa, ya kijivu, ukubwa wa haragwe, imeusukuma utumbo pembeni na kujishikiza mgongoni.

"Ni nini hicho?"

"Nitaikata nipime, lakini naona ni uvimbe mbaya. Kwa hawa sijawahi kuuona, maana hatuwaachi wafike umri huu. Kwa binadamu linajulikana. Korodani ikibaki tumboni inaweza kugeuka saratani, mtu bado kijana kabisa. Ndiyo maana mtoto akizaliwa hivyo anafanyiwa upasuaji mapema, zishushwe au zitolewe. Si suala la uzazi peke yake."

Shangazi alivua glavu, akavaa nyingine, akazivua tena. "Na mtu... atajijuaje?"

"Wakati mwingine hajijui. Tumbo zito, mgongo unauma, anakonda. Shangazi, kaa chini. Umebadilika."

"Inatibika?"

"Kwa watu, ndiyo, tena vizuri mara nyingi, hata ikiwa imeanza kusambaa." Daktari alimtazama usoni, na nadhani alielewa, ila alikuwa na adabu zake. "Lakini mtu awahi. Hiyo haisubiri."

Alimpigia simu mdogo wake akiwa bado kwenye chumba cha kuvulia koti. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyundo na kelele za wateja.

"Dada, friji ya bucha imezima, nyama inaharibika. Kesho si tunaonana?"

"Nataka kukuona leo. Ni tumbo lako."

"Tumbo langu limefanya nini tena? Ah, Dada! Kesho."

Akakata. Alimpigia tena, haikupokelewa. Alikwenda karakana, akakuta imefungwa na friji ya bucha imeachwa barazani, mlango wazi, haijatengenezwa. Alikwenda nyumbani kwake akagonga sana. Hapakuwa na mtu. Usiku ule nauruka, maana haukuwa na jipya zaidi ya kugeuka kitandani.

Jumapili sebule ya mama ilikuwa safi kupita kiasi, vitambaa vimenyooshwa kwenye makochi, runinga imezimwa, feni inazunguka. Mama alikaa katikati. Mjomba alikaa kulia kwake, amevaa koti la vikao. Fundi alikaa mkabala, viatu amevua mlangoni kama watu wote, anatazama magoti yake, na jasho linamtiririka licha ya feni. Wifi alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, begi miguuni.

"Tumekutana hapa kwa amani," Mjomba akaanza, kama waanzavyo wote wanaokaribia kuivunja.

Mama hakuwa na subira ya utangulizi. "Mimi sina ugomvi na binti wa watu. Lakini mwanangu ni mmoja. Nataka kumshika mjukuu kabla sijafumba macho. Arudi kwao akapumzike, na mwanangu ajaribu bahati yake kwingine. Ndiyo hayo tu."

Wifi alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Shangazi alipiga moyo konde. "Mama, huyu hana kosa. Wewe unajua, na mimi najua."

"Unajua nini wewe?"

"Nilimwogesha mimi. Mfuko ulikuwa mtupu. Nilikuambia, ukaniambia nifunge mdomo, nikaufunga mpaka leo."

Mjomba alishikwa na kikohozi ambacho dakika moja nyuma hakuwa nacho. Mama alisimama, akaketi, akasimama tena. Fundi aliinua kichwa polepole, macho mekundu.

"Dada. Unanivua nguo mbele ya watu."

"Nakuvua, ndiyo. Utanichukia baadaye, ukiwa mzima. Huo mgongo wako si friji, mdogo wangu. Vile vitu vikibaki tumboni vinaharibika. Vinageuka saratani. Nimekiona kwa macho yangu jana, na nikaona jinsi kinavyomkondesha aliye nacho. Twende hospitali sasa hivi."

"Najua," Fundi akasema.

Ilikuwa sauti ya wifi, ile ndogo, iliyofuata. Mumewe alikuwa mwanaume wake wa kwanza na wa pekee, na hakuwahi kuvua nguo mbele ya taa. Angejuaje kipi kinapaswa kuwepo?

"Unajua nini, baba?"

Alijibu akiwa ameviangalia vidole vya miguu yake. "Mwaka wetu wa pili. Nilikwenda hospitali peke yangu. Wakaniambia sizai, wala sitazaa. Wakaniambia zitolewe kabla hazijaharibika. Nikawaambia nitarudi."

"Ukarudi?"

"Sikurudi. Nilifikiri nikipasuliwa utauliza nimepasuliwa nini."

"Na mimi nikawa nakunywa madawa."

"Ndiyo."

"Mizizi. Vidonge. Zile sindano." Alikuwa akizitaja taratibu kama anayekumbuka majina ya watu waliokufa. "Na wewe ndiye uliyekuwa unaniletea maji ya kumezea."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga, na kutoka ndani yake sauti ilitoka ikikatikakatika. "Hospitali walitaka kumpasua. Mtoto mdogo vile! Niliogopa kisu, niliogopa tu." Na mimi namsadiki mama huyu, ila kumsadiki hakumsaidii mtu.

"Lala hapo," Shangazi akamwambia mdogo wake.

Fundi alilala kwenye kochi bila ubishi. Hilo peke yake lilitisha. Dada alipandisha shati, akaweka kiganja chini ya kitovu, upande wa kushoto, akabonyeza kwa upole, kwa vidole vile vile. Kilikuwepo. Kigumu, kipana, kimejishikiza mgongoni, hakisogei. Alikifuata ukingo wake ili ajue kinapoishia, na vidole vikaendelea kwenda. Fundi hakutazama dari wala tumbo lake. Alikuwa akiutazama uso wa dada yake, na huko ndiko alikosoma majibu kabla ya daktari yeyote.

"Ni kikubwa?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa na uzoefu.

"Kikubwa."

Wifi alisimama. Alichukua begi lake, akalining'iniza begani, akapita kati ya makochi bila kumgusa mtu. Mlangoni alivaa viatu vyake, akageuka. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umekaza, na Shangazi, aliyempenda kuliko ndugu wa damu, aliona ameshampoteza.

"Mpeleke leo hii, wifi, msisubiri kesho," alisema. "Akipona, mwambie aje kwetu aniombe radhi mwenyewe, mbele ya wazazi wangu. Asitume mtu."

"Na asipo..." Shangazi alianza.

"Nimesema akipona," wifi akarudia, na hapo sauti ikamvunjika, akashuka ngazi haraka.

Mjomba alitoka kutafuta gari. Mama alibaki pale pale, khanga usoni. Fundi aliketi kwa kujisukuma na mikono, akajikokota hadi mlangoni, akaviangalia viatu vyake. Alijaribu mara moja, akaguna, akajinyoosha tena huku ameshika ukuta. Alijaribu mara ya pili. Kisha akabaki amesimama tu, mwanaume mzima mwenye mikono ya kubeba friji, akimsubiri dada yake apige magoti amfunge kamba za viatu, maana kuinama hakuweza tena.